Igisoro, Bao na Vita vya Mezani: Je, Kuna Anayekufa Ubaoni?

Katika toleo hili tumeona vema kuziweka kando riwaya na tamthilia ili tuhakiki michezo. Huenda wapo watakaouliza mchezo unahusu nini katika idara ya lugha. Jibu letu ni kwamba mchezo una kanuni zilizoandikwa au zinazosimuliwa, una msamiati wake, una muundo, una mwanzo na mwisho, na una dhamira ambayo wachezaji wenyewe mara nyingi hawaitamki. Kitu chenye sifa hizo kinahakikiwa.

Tunaandika tukiwa Cyangugu, mji uliokuwa makao ya mkoa wa jina hilo hadi mwaka 2006, na ambao sasa ni sehemu ya wilaya ya Rusizi. Ukishuka kutoka Kamembe hadi mtoni, ng'ambo ya daraja ni Bukavu. Wanafunzi wetu wanakijua Kiswahili cha Bukavu kabla hawajakisoma kile cha vitabuni, na wengi wao wameiona igisoro nyumbani kabla hawajasikia habari za bao la pwani. Wanapoulizwa darasani waeleze igisoro kwa Kiswahili, sentensi zinazotoka karibu kila mara ni hizi: "Ni mchezo wa vita. Unaua mbegu za adui, na mwenye kuua nyingi anashinda." Kisarufi hazina dosari. Tunazipinga kwa maana yake, na makala haya yanakusudia kueleza sababu.

Tuanze mbali kidogo, na michezo ambayo kweli inajiita ya vita. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wazima wanaocheza mezani kwa visanamu vidogo vya askari. Chimbuko lake la karibu ni jeshi la Prussia, ambako Reisswitz, baba na mwana, waliunda mchezo wa kuwafundishia maofisa. Kanuni za mwana zilichapishwa mwaka 1824. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells, yule wa hadithi za kisayansi, alitoa kitabu cha kanuni za vita vya sakafuni kwa askari wa kuchezea na mizinga midogo ya springi. Wells aliamini kwamba mwenye kuonja vita vidogo ataona jinsi vita vikubwa vilivyo upuuzi. Mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza, na imani hiyo haikumwokoa mtu. Baadaye wapenzi wa majeshi ya kale na ya zama za kati walijitenga na wenzao wa bunduki. Chama chao cha Society of Ancients kiliundwa Uingereza mwaka 1965, na kundi la Wargames Research Group likaanza kutoa kanuni zinazoanzia Misri na Sumeri hadi mwisho wa karne ya 15.

Kati ya kanuni hizo, iliyoenea sana kwa ufupi wake ni De Bellis Antiquitatis, ya mwaka 1990, iliyoandikwa na Phil Barker pamoja na Richard Bodley Scott. Tunaichukua kuwa mfano wetu kwa sababu ufupi huo unaifanya isomeke kama matini moja. Kila mchezaji ana vikosi 12 tu. Kikosi ni kibao chembamba ambacho juu yake vimegandishwa visanamu vichache: watu wa mikuki, watu wa panga, wapanda farasi, wakati mwingine tembo au gari la kukokotwa. Katika kila zamu mchezaji anatupa dadu moja, na namba inayojitokeza ndiyo idadi ya vikosi au makundi ya vikosi anayoruhusiwa kuyasogeza. Vikosi viwili vinapokutana, kila upande unatupa dadu na kuongeza nguvu za aina ya askari wake. Mwenye namba ndogo hurudi nyuma. Akipata nusu ya mwenzake au chini yake, kwa kawaida kikosi chake kinaangamia. Upande unaotangulia kupoteza vikosi vinne, hali mwenzake amepoteza vichache zaidi, umeshindwa. Yote hayo humalizika katika muda wa saa moja hivi.

Kama walimu wa lugha tumependezwa na jambo moja katika matini hii. Sentensi zake zimebanwa mno, kiasi kwamba wachezaji wa Kiingereza wenyewe wameupa mtindo huo jina la utani linalotokana na jina la Barker. Kila neno lina kazi, na neno moja likisomwa vibaya mchezo mzima unaharibika. Mwanafunzi wa sheria angenufaika kwa kuisoma. Aidha, dadu ile ya kusogezea vikosi ni wazo la maana sana: inamfanya jemadari awe na mpango mzuri kichwani huku amri zake zikifika mbili tu, kwa vikosi vilivyo karibu. Sataranji haina kitu hicho. Bao halina. Igisoro nayo haina. Yeyote aliyewahi kusimamia watu arobaini kwenye umuganda atatambua ukweli wake.

Sasa tuangalie yaliyoangamia yanakwenda wapi. Kikosi kinachoangamia mezani kinachukuliwa kwa vidole na kuwekwa pembeni, au kurudishwa ndani ya sanduku. Hakina kazi tena hadi mchezo mwingine. Sataranji ni hivyohivyo: kitunda kikiliwa kinatoka. Uwanja unazidi kuwa mtupu kadiri mchezo unavyoendelea, na ushindi unahesabiwa kwa utupu huo. Hiyo ndiyo dhamira ya mchezo, hata kama haikuandikwa popote: vita ni kupunguza. Mwishoni mshindi anatawala meza ambayo nusu yake haina mtu.

Tuigeukie igisoro. Ubao una safu nne za mashimo manane, na mbegu ni 64. Safu mbili zilizo upande wako ni zako, nyingine mbili za mwenzako. Unachota mbegu za shimo moja na kuziangusha mojamoja kuzunguka upande wako mwenyewe. Huvuki kamwe kwenda kwa mwenzako. Mbegu ya mwisho ikiangukia shimo lenye mbegu katika safu yako ya mbele, na mashimo mawili ya mwenzako yanayolielekea hilo, la mbele na la nyuma, yote yakiwa na mbegu, unazichukua zote za mashimo hayo mawili. Je, unaziweka mfukoni? La. Unazipanda upande wako. Zile zilizokuwa zake dakika moja iliyopita sasa zinazunguka kwako, na huenda ndizo zitakazokufikisha kwenye shimo lingine la kuteka. Zamu chache baadaye zinaweza kurudi zilikotoka. Anayeshindwa ni yule asiyeweza kusogea tena, aliyebaki na mbegu mojamoja zilizotawanyika, kwa kuwa shimo lenye mbegu moja haliwezi kuchotwa. Lakini zihesabu mbegu zilizo ubaoni baada ya mchezo. Ni 64, kama zilivyokuwa mwanzoni.

Kwa hiyo mwanafunzi anayesema "nimeua mbegu zako" ameleta dhamira ya sataranji katika mchezo usio nayo. Hakuna mbegu inayokufa katika igisoro. Inahama.

Kwa bao la kiswahili la Zanzibar na mwambao hali ni hiyo hiyo, ingawa kanuni ni tofauti na, kwa maoni yetu, ngumu zaidi kujifunza. Nalo lina safu nne za mashimo manane na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, sita zikiwa katika shimo maalumu na nne katika mawili yaliyo jirani nalo, na kete 22 zinabaki mkononi ili ziingizwe mojamoja, moja kwa kila zamu, katika hatua ya kunamua. Zikiisha ndipo inapoanza hatua ya pili. Kinacholiwa ni cha safu ya mbele tu, na kinapandwa katika safu ya mbele ya aliyekula, kuanzia pembeni. Mholanzi Alexander de Voogt, ambaye alijifunza kwa mabingwa wa Zanzibar na kuchapisha utafiti wake mwaka 1995, alitaka kujua akili ya binadamu inawezaje kufuata mabadiliko ya mashimo mengi namna hiyo kwa mkupuo mmoja. Alikuwa na haki ya kushangaa. Sisi leo tunashangazwa na jambo jingine, nalo ni maneno.

Tuyatazame maneno ya bao. Shimo lile maalumu huitwa nyumba. Kuchukua kete za mwenzako huitwa kula. Zamu isiyokula huitwa kutakata, neno linalohusu usafi. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezaji amelala. Hatua ya pili ya mchezo inaitwa mtaji, neno la mfanyabiashara. Nyumba, kula, kulala, kutakata, mtaji: msamiati huu ni wa mtu mwenye familia na duka dogo, wala hauna upanga wala mkuki ndani yake. Kama kweli bao lingekuwa vita mioyoni mwa waliolitunga maneno, tungetarajia angalau boma au ngome mahali pa nyumba. Lugha ya pwani ilikuwa na maneno hayo tele. Hawakuyatumia.

Tunajua pingamizi litakalokuja: "kula" katika michezo mingi ni neno la kawaida, hata katika karata, na lisitwishwe mzigo. Tunakubali kwa sehemu. Lakini kinacholiwa kinaingia ndani ya aliyekula na kuwa nguvu zake. Katika karata na sataranji neno hilo ni sitiari iliyochakaa; katika bao ni maelezo halisi ya kinachotokea ubaoni.

Je, hii ina maana kwamba igisoro na bao havihusiani na vita hata kidogo, na wale wanaoviita michezo ya vita wamepotoka kabisa? Hapa ndipo tunapotofautiana hata na baadhi ya wenzetu wa Idara. Sisi tunaona kwamba igisoro inahusiana na vita vya mahali hapa kuliko visanamu vya Uingereza, kwa sababu vita vya mahali hapa havikuwa vya kupunguza.

Nchi hii tunayokaa, kabla ya kuitwa Cyangugu, iliitwa Kinyaga. Catharine Newbury, katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu Kinyaga, ameonyesha jinsi mamlaka ya ikulu ya Rwanda yalivyozidi kuingia huku wakati wa mwami Rwabugiri, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Sehemu mbili kubwa za Kinyaga ziliitwa Impara na Abiiru. Hayo yalikuwa majina ya majeshi kabla ya kuwa majina ya maeneo. Kuingizwa katika jeshi hakukuwa na maana ya kwenda kambini tu. Mtu na ukoo wake walikuwa wa jeshi fulani, wakadaiwa kupitia jeshi hilo, wakapata mlinzi kupitia jeshi hilo. Padri Alexis Kagame aliandika kitabu kizima kuhusu majeshi ya watu, kilichotoka mwaka 1963, lakini miaka miwili kabla yake, mwaka 1961, alikuwa ametoa kingine kuhusu "majeshi ya ng'ombe", yaani makundi ya ng'ombe yaliyopangwa na kupewa majina kama vikosi. Msomaji wa nje hudhani hilo ni kosa la uchapaji.

Katika vita vya namna hiyo, mshindi hakutaka uwanja mtupu. Alitaka watu wa kulima na kutumika, na ng'ombe wa kugawia wafuasi. Kinyarwanda kina neno iminyago kwa ng'ombe na mali iliyotwaliwa vitani, kutokana na kitenzi kunyaga. (Hatusemi kwamba jina Kinyaga limetoka hapo, masikio yanadanganya.) Ng'ombe aliyetekwa hakuchinjwa uwanjani: alihamishiwa zizi lingine na kuendelea kuzaa, na mwaka mwingine angeweza kutekwa tena na kurudi. Watu wa visiwani na wa pande zote mbili za ziwa walibadilisha watawala mara kwa mara bila kuhama, na wengine walihama bila kubadilisha lugha. Wakazi wa kisiwa cha Nkombo, kilicho ndani ya wilaya hii ya Rusizi, hadi leo wana lugha yao iliyo karibu na ya ng'ambo. Yeyote atakayejaribu kuiweka historia hiyo katika vikosi 12 vinavyorudishwa sandukuni atapata picha iliyopinda. Ubao wa igisoro unaiweka vizuri zaidi, na unaiweka bila kisanamu hata kimoja.

Kuna na suala la miaka. De Bellis Antiquitatis inaanzia mwaka 3000 kabla ya Kristo na kuishia mwaka 1500 baada yake. Baada ya hapo, kwa kalenda ya wapenzi wa mchezo huu, zama za kati zimekwisha na kanuni nyingine zinahitajika. Kwa Ulaya kipimo hicho kina mantiki, maana baruti ilikuwa imebadilisha kila kitu. Kwa Kinyaga ni upuuzi. Hapa mkuki, upinde na ngao viliamua vita hadi mwisho wa karne ya 19. Mwaka 1896 kikosi cha Dola Huru ya Kongo chini ya Luteni Sandrart kilijikita Shangi, ambako sasa ni wilaya ya Nyamasheke, na jeshi la ikulu lilipokwenda kukiondoa lilishindwa kwa bunduki. Tukitumia lugha ya wenzetu wa mezani, zama za kati za Kinyaga zilikwisha mwaka huo. Tukubaliane kwamba "kale" na "zama za kati" ni maneno tunayoyafasiri kutoka vitabu vya Ulaya na kuyapachika juu ya mambo yetu bila kuuliza yalipimwa wapi. Mwalimu anayeandika "zama za kati" ubaoni angalau aseme za nani.

Jambo la Shangi lina uzito kwetu wa Kiswahili kwa sababu nyingine. Miongoni mwa njia ambazo lugha yetu ilipitia kuingia Maziwa Makuu, njia ya askari ilikuwa moja ya zile pana. Maneno ya Kiswahili waliyoyasikia kwanza watu wengi wa bara yalikuwa ya kambi na ya amri. Ndiyo maana katika Rwanda Kiswahili kilibeba kwa muda mrefu sifa ya lugha ya kambi, gereji na soko, na hata baada ya kufanywa lugha rasmi mwaka 2017 bado tunakutana na mzazi anayeuliza mwanawe atakitumia kugombana na nani. Tunapomfundisha mtoto wa Kamembe kuieleza igisoro ya babu yake kwa vitenzi vya kuua tu, tunaithibitisha sifa hiyo wenyewe.

Ni haki pia tuseme igisoro inachokosa. Haina mahali. Mashimo yote ni sawa isipokuwa kwa nafasi yake, hakuna kilima wala bonde wala maji. Lakini Kinyaga bila ziwa si Kinyaga. Rwabugiri alivuka kwa mitumbwi kwenda Ijwi, na mwaka 1895 alifariki Ziwa Kivu akiwa katika safari ya kivita dhidi ya Bushi. Mwenye visanamu anaweza kutandika kitambaa cha buluu, akapanga mitumbwi, na kumwonyesha mwanafunzi kwa nini jeshi kubwa linakuwa dogo linapovuka maji kwa mafungu. Igisoro haiwezi hilo. Vilevile haina bahati wala siri, kila kitu kiko wazi mbele ya wote wawili, na vita vya kweli havikuwa hivyo popote duniani. Pia ina pande mbili tu, wakati ukingoni mwa ziwa hili mara nyingi palikuwa na tatu au nne. Bukunzi na Busozo, falme ndogo za milimani kusini mwa hapa, ziliendelea kujisimamia kwa kiasi fulani hadi miaka ya 1920. Katika ubao wa watu wawili hazina pa kukaa.

Tumesema kwamba kuna wenzetu tunaotofautiana nao, nao wanastahili kusikilizwa. Hoja yao si ya lugha. Wanasema katika mji huu mchezo wowote wenye neno vita usiletwe darasani. Mwezi Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walikusanywa katika uwanja wa Kamarampaka, hapa hapa Cyangugu, wakawa wanatolewa humo na kuuawa. Wapo wanafunzi ambao wazazi wao walikuwa humo. Baada ya hapo barabara ya kwenda mtoni ilijaa maelfu ya watu wakivuka kwenda Bukavu, na mwaka 1996 vita vikaendelea ng'ambo. Mwingereza anaweza kupanga visanamu vya Waassiria na kuwaangamiza Jumamosi mchana kwa sababu wafu wake wako mbali, miaka elfu mbili na zaidi. Wa kwetu hawako mbali.

Hoja hiyo hatuwezi kuipuuza, na kwa upande wa visanamu tunakubaliana nayo: tusingependa kuona meza yenye kibao kiitwacho "kundi" kikiondolewa kwa vidole mbele ya wanafunzi hawa, kwa kicheko. Ila tunaona kwamba hoja hiyo hiyo ndiyo inayoitetea igisoro. Wazee wameendelea kuicheza mwaka baada ya mwaka, na hatudhani ni kwa ukosefu wa hisia. Ni mchezo ambao ndani yake kushindwa hakumwondoi mtu duniani. Ndiyo maana tunalitilia mkazo suala la kitenzi. Mwanafunzi anayesema "nimeua" amebadilisha kinachotokea ubaoni, na katika mji huu hilo si kosa la insha tu.

Tuseme pia neno kuhusu watafiti. Alan Merriam, ambaye anajulikana zaidi kwa utafiti wa muziki, alichapisha mwaka 1953 katika jarida la Man makala kuhusu kubuguza, yaani uchezaji wenyewe wa igisoro. Kwa kichwa cha makala yake, mchezo ni wa Abatutsi wa kaskazini-mashariki ya Ruanda. Kama maelezo ya mahali alipofanyia kazi, hatuna neno. Lakini kichwa cha makala kina tabia ya kukaa kuliko makala yenyewe, na mchezo unaochezwa na watu wa kila namna nchi nzima, Burundi na, kwa jina la omweso, Uganda, ukawa umefungiwa kundi moja. Tunajua katika nchi hii kufungia mambo makundi kulitufikisha wapi.

Basi tufanye nini na maneno? Kwanza, tusione haya kuazima kwa jirani. Kinyarwanda kina neno ingabo lenye maana ya ngao na pia ya jeshi. Mwanafunzi wa hapa akikutana na neno la Kiswahili ngao anafurahi, kwa maana ameliona kabla. Mwonyesheni kwamba Kiswahili kimebaki na maana ya kifaa, Kinyarwanda kikaendelea hadi kwa watu wanaokibeba. Somo zima la uhusiano wa lugha za Kibantu limo humo.

Pili, kwa upande wa majeshi ya kale yenyewe, hatuhitaji kubuni istilahi za upanga, dirii na farasi. Ziko katika tenzi. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728, unahusu vita kati ya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi ya Mashariki, na majeshi ya pande zote mbili ni miongoni mwa yale yanayochezwa mezani Ulaya hadi leo. Msamiati wote umo, pamoja na mbwembwe zake. Lakini hata huko, angalieni namna mambo yanavyoanza: Mtume anamwandikia Herekali barua ya kumwalika asilimu. Lengo la kwanza ni kumvuta mtu aje upande huu, na upanga unafuata baadaye. Mtunzi wa Pate na mchezaji wa igisoro hawakuwahi kukutana, na dini inaweka tofauti kubwa kati yao, ila hapo wangeelewana.

Tatu, kitenzi chetu cha igisoro. Tunapendekeza kuteka. Tunateka maji kisimani, tunateka watu na mifugo vitani, na anayechota mbegu za mashimo mawili kwa kiganja kimoja anafanya yote mawili kwa mkono ule ule. Kula nako kunafaa kwa anayetaka kufuata bao la pwani, na hatutakata alama za anayekitumia. Kuua tutaendelea kukikata.

Kinachotusumbua ni jina la mbegu yenyewe baada ya kutekwa. Mateka haikai sawa, maana mateka hubaki mateka, wakati mbegu hii mara moja inatumika sawa na zile zilizokuwa za nyumbani. Mgeni ni neno zuri mno kwa kitu kilichochukuliwa kwa nguvu. Mmoja wetu alipendekeza mhamiaji, mwingine akasema hilo linanuka ofisi ya mpakani. Pengine wachezaji wana neno lao ambalo halijafika darasani. Walioko Kamembe, Nkombo na Bugarama, pamoja na wenzetu wa Bukavu, tunawaomba wawaulize wanaocheza kila siku wanaiitaje, kisha watuandikie kwa anwani ya Idara kabla ya toleo lijalo.